Bi Fundi na Saa Isiyotiwa Ufunguo

Ikitokea saa mbili za mfukoni zilizolala juu ya meza yake zikaanza kupiga kwa mlio mmoja, Bi Fundi aliacha kazi aliyokuwa nayo, akanyanyua moja na kuipeleka upande wa pili wa chumba. Alifanya hivyo bila ya kueleza, kama mtu anavyofunika chungu kisiingie vumbi. Mwezi wa kwanza niliohamia katika nyumba yake nilimwuliza kwa nini. Alinitazama kwa jicho moja, la pili likiwa bado limebana kile kioo cheusi cha kukuzia cha mafundi.

"Zikisikilizana husemezana," alisema. "Na mie sitaki kujua zinasemezana nini."

Nilicheka. Mimi ni mwalimu wa fizikia, na nilimweleza kwamba saa mbili zilizo juu ya ubao mmoja hupashana mtikisiko mpaka zikaenda pamoja, jambo linaloeleweka na linalopimika. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu.

"Ndivyo nlivyosema," akanijibu, akarudi kwenye kazi yake.

Nilikaa naye nyumba moja miaka kumi na mmoja. Mimi nilipanga vyumba viwili vya juu. Yeye aliishi chini, na chumba cha mbele, chenye dirisha la njiani, kilikuwa karakana yake. Mji Mkongwe mzima ulimwita Bi Fundi, na wengi nadhani hawakujua kwamba alikuwa na jina jingine. Alikuwa mwembamba, mrefu, na ngozi ya mikono yake ilikuwa laini kupita ya uso. Alipokuwa kazini aliibana kwa pini mikono ya buibui lake mpaka kwenye viwiko, ili nguo isije ikafagia kijiskurubu kisichoonekana kwa macho. Mteja mwanamume akibisha hodi alizifungua pini kwanza, akashusha mikono, ndipo akasema karibu. Wageni wa hoteli waliokuja kumtazama kama kitu cha makumbusho hawakupata hata picha moja. Alikuwa akigeuza kiti, akawapa mgongo, akaendelea kufanya kazi mpaka wakachoka.

Ufundi aliupata kwa baba yake, ambaye alikwishafariki, sikumdiriki. Alikuwa akimtaja mara chache, na kila mara kwa namna ileile, kama mtu aliye chumba cha pili anayeweza kusikia. "Baba hapendi koleo liwekwe juu ya kitambaa." Hakusema hakupenda. Alisema hapendi.

Kuna mambo yake ambayo hayakulingana, na sikujaribu kuyalinganisha. Mtu huyu aliyezirudisha saa za nusu ya mji kwenye majira yake hakujua kufika mahali kwa wakati. Hitima ya saa tisa alifika watu wanaosha sahani. Harusini alifika bibi harusi keshaondoka. Hakuvaa saa mkononi, na katika chumba alicholala hakukuwa na saa yoyote, hata ya ukutani. Alisali sunna zote, mwezi wa Rajabu alifunga, na Jumatatu na Alhamisi pia. Lakini mieleka ya televisheni ilikuwa haimpiti. Alikuja juu kwangu kwa sababu yeye hakuwa na televisheni, akakaa ukingoni mwa kochi, ngumi zimekunjwa mapajani, na aliyempenda akiangushwa alikuwa akisema kwa sauti ya chini, "Mwinuke, baba, mwinuke," kana kwamba lile jitu la ng'ambo ni mtu mzima wa mtaani anayestahiki heshima.

Hakupenda kusikia saa imekufa. Mteja akija na neno hilo, alilisahihisha kabla hajaipokea.

"Saa haifi. Husimama."

Na kama ilikuwa saa ya marehemu, alikuwa na swali lake moja aliloliuliza kila aliyeileta. "Mnataka iende, au mnataka ing'are?" Watu walishangaa. Wengi walikuwa hawajawaza kwamba ni mambo mawili. Namkumbuka mama mmoja wa Kikwajuni aliyeleta saa ya mwanawe. Aliposikia swali lile alikaa chini kwenye kizingiti, akakaa muda mrefu, kisha akasema, "Ing'are tu." Bi Fundi akaisugua siku mbili nzima, ndani na nje, kila gurudumu, akamrudishia imesimama palepale ilipokuwa. Yule mama aliibusu mikono yake.

Nilipougua homa, akanipandishia uji, akakaa pembeni ya kitanda. Baada ya kitambo akanishika kifundo cha mkono kwa vidole viwili, akafumba macho, akasikiliza.

"Inawahi kidogo," alisema. "Lakini inakwenda."

Ndiye mtu huyo ninayetaka kumweleza. Ila siwezi kumweleza bila ya kusimulia saa ya Mbweni, maana yote niliyokuwa nikiyaona kwake kama vituko vya mtu mzima yaligeuka maana baada ya wiki ile.

Ililetwa siku ya Jumamosi na kijana mmoja mtanashati anayefanya kazi katika ofisi ya meli. Alikuwa anaoa baada ya wiki mbili. Nilikuwa nimekaa karakanani nikisahihisha madaftari ya wanafunzi, kwa sababu chini kulikuwa na ubaridi kuliko juu. Alitoa leso mfukoni, akaifungua, na ndani yake mlikuwa na saa ya fedha ya mfukoni, nene, ya zamani, ya aina ile inayotiwa ufunguo kwa kifunguo kidogo cha shaba kinachoingizwa nyuma. Kifunguo chenyewe kilikuwa kimefungwa kwa uzi.

"Nimeikuta katika kasha la bibi," alisema. "Nadhani ya babu. Nataka niivae siku ya harusi, juu ya kizibao. Lakini imeku..."

"Imesimama," akasema Bi Fundi.

"Naam, imesimama."

"Bibi yako yuhai?"

"Yuhai. Yupo kwetu Mbweni."

"Kakupa yeye?"

Kijana akaona haya. "Hajui. Nataka nimfurahishe."

Bi Fundi akaipokea, akaitia sikioni, akaigeuza, akaitia ufunguo nusu mzunguko. Kifunguo kilizunguka bure, hakikukuta kitu cha kushindana nacho. "Kamani," alisema. Kamani ni ule utepe mwembamba wa chuma unaojikunja ndani ya saa. Ukiukaza, unataka kujikunjua, na kule kutaka kwake ndiko kunakoiendesha saa. Ukikatika, saa haina pumzi. "Nitakutilia mpya. Njoo Ijumaa."

Aliifungua Jumatatu, baada ya alasiri, na mimi nipo. Nimemwona akifungua saa mara nyingi, na kila mara vidole vyake vilikwenda kama vya mtu anayesuka nywele za mtoto aliyelala. Alitoa daraja la shaba linaloyashika magurudumu, akayatoa moja moja, akayapanga juu ya karatasi, mwisho akatoa kile kijikopo cha mviringo ambamo kamani hukaa. Akakibinya, kifuniko kikaruka. Kisha vidole vyake vikasimama. Nikaacha kusahihisha.

"Mwalimu," aliniita.

"Naam, Bi Fundi."

"Njoo utazame."

Alinipa kioo chake. Niliona utepe wa chuma, mweusi kidogo kwa mafuta yaliyokauka, umekatika karibu na kati.

"Umekatika," nilisema.

"Tazama pale pa kukatikia. Kamani ikikatika yenyewe huacha meno, kama mkate uliomegwa. Hii imenyooka. Hii imekatwa kwa koleo." Alisema polepole. "Mtu kaifungua saa nzima, kakata, kisha karudisha kila kitu mahali pake, hajaacha hata mkwaruzo. Fundi hasa huyo. Sasa geuza kifuniko."

Ndani ya kifuniko cha kile kikopo mlikuwa na maandishi madogo yaliyokwaruzwa kwa ncha ya sindano. Mafundi huweka alama zao ndani ya saa, mahali ambapo mwenyewe haoni, wapate kujuana wao kwa wao. Alama ilikuwa herufi moja ya Kiarabu yenye nukta juu yake. Chini yake kulikuwa na neno moja, la Kiswahili, kwa herufi hizohizo za Kiarabu. Mimi nilisoma chuo cha Kurani Makunduchi, nazijua. Nikasoma: *isiende*.

"Alama ya nani?" niliuliza, ingawa nilishajua kwa kumtazama uso.

"Ya baba." Akakitwaa kifuniko mkononi mwangu. "Baba hakupata kuandika neno ndani ya saa. Alama tu. Miaka yote."

Nilimwambia airudishe kama ilivyo, amwambie kijana imeshindikana. Nashangaa mpaka leo kwamba mimi, mwalimu wa fizikia, ndiye niliyesema hivyo. Uso wake ukaingia ukaidi niliokuwa nikiuona akigombana na mafundi wa mabomba.

"Kanifundisha kutengeneza," alisema. "Angelitaka niache, angelinambia. Alikuwa na miaka ishirini ya kunambia."

Alifungua bati lake la kamani za zamani, akachagua moja kwa kupima upana na kuusikiliza mkazo wake kati ya vidole, akaikunja, akaitia. Kabla ya magharibi saa ilikuwa imekwisha fungwa. Akaitia ufunguo mizunguko mitatu tu, ya kujaribu. Ilianza kupiga mara moja, mlio mzito, wa taratibu, kama wa mtu mnene anayetembea ndani bila ya viatu.

Mizunguko mitatu humpa fundi saa tano, sita, za kuiangalia. Asubuhi ya Jumanne niliposhuka kwenda shule, ilikuwa inapiga. Niliporudi adhuhuri, inapiga.

"Umeitia tena ufunguo?" nilimwuliza.

"Nlidhani weye."

Jumatano ilikuwa inapiga. Hapo nilipanda juu nikaleta gundi na karatasi ya daftari. Nilikata kipande chembamba, nikakibandika juu ya tundu la ufunguo, nikatia saini yangu nusu kwenye karatasi na nusu kwenye fedha. Kifunguo nikakichukua mimi, nikalala nacho chini ya mto. Bi Fundi aliniruhusu kufanya yote hayo, amekunja mikono. Alhamisi alasiri tuliitazama pamoja. Karatasi haikuguswa, saini yangu haikukatika, na saa ilikuwa inapiga, haikupungua wala kuzidi. Niligundua kwamba saa nyingine zote katika chumba kile alikuwa amezihamishia ndani. Ilikuwa peke yake juu ya meza, na chumba kilikuwa na hali ya barazani mgeni anapokuwa hajasema alilolijia.

Nikajaribu kueleza. Nilisema labda mafuta mapya, labda kamani ina mkazo mkubwa kuliko tulivyodhani. Yeye akatikisa kichwa, bila ya kunidharau.

"Mwalimu, mie nazitengeneza. Hizo ulizotaja nshazipitia kichwani tangu juzi." Kisha akasema, "Kesho kijana asije hapa. Twende sisi, tukamwone bibi yake."

Tulikwenda Ijumaa baada ya swala, kwa teksi ya jirani. Alikuwa ameiviringa saa ndani ya kanga, kanga ndani ya mkoba, mkoba mapajani. Njia nzima nilikuwa naisikia, juu ya mngurumo wa gari, au nilidhani naisikia.

Nyumba ya Mbweni ilikuwa nyeupe, ya kawaida, na maboksi ya harusi yamejaa ukumbini. Kijana alitupokea kwa furaha na wasiwasi. Alituingiza chumba cha ndani, ambamo bibi yake alikuwa amekaa kitandani, miguu imefunikwa, tasbihi mkononi. Tukamwamkia. Hakuitikia marahaba. Alikuwa anautazama mkoba.

"Tangu Jumatatu," alisema. "Tangu Jumatatu magharibi namsikia anatembea humu ndani. Nkasema nshakuwa mzee, akili imeondoka. Kumbe mmenletea."

Kijana alisema, "Bibi, ni saa tu. Ya babu."

"Babu yako hakupata kuvaa saa," akajibu bibi.

Kijana ilibidi akae chini. Na bibi akasimulia palepale, bila ya kulia, sauti yake kavu. Alikuwa na mume kabla ya huyo babu. Asubuhi moja mume yule alitoka kwenda kuangalia shamba lake. Saa aliiacha ikining'inia ukutani kwa sababu siku zile ilikuwa inakwenda mbio, alitaka kuipeleka kwa fundi. Hakurudi. Halikuonekana vazi, wala maiti, wala mtu aliyemwona njiani. Saa ikawa inapiga ukutani. Siku mbili, wiki, mwezi, na hakuna aliyeitia ufunguo. Akawa anamwekea chakula chake. Watu walimwambia akae eda, asome hitima, awe mjane kama wajane wenzake, na yeye akasema vipi nikae eda ya mtu ambaye saa yake inakwenda? Miaka ikapita hivyo. Akaja mtu mwema kumposa, na bibi alikuwa bado kijana na hana mtoto.

"Nkaichukua, nkampelekea fundi mmoja mjini, mtu mzima, mchamungu. Nkamwambia, isimamishe. Akanuliza mara tatu kama nna hakika. Akaikata mbele yangu. Nkarudi nyumbani nkakaa eda siku ileile."

"Alikuwa baba angu," alisema Bi Fundi.

Bibi alimtazama kwa mara ya kwanza. "Basi unajua kazi. Ikate."

Bi Fundi hakubisha. Alitoa saa, akatandika kanga mkekani, akatoa vyombo vyake vidogo. Nilibandua ile karatasi yangu, nikampa kifunguo. Kabla ya kuivunja saa, fundi huishusha kwanza nguvu: hutia ufunguo, akainua kijino kinachoizuia kamani isirudi nyuma, na kifunguo huvuta vidole kwa nguvu iliyobaki ndani. Alikitia. Akainua kijino. Nikakiangalia kifunguo mkononi mwake.

Hakikuvuta. Kilikaa kama kilichotiwa katika udongo.

Aliijaribu tena. Akatia kioo jichoni, akainama mpaka paji la uso likakaribia saa. Alipoinuka, uso wake ulikuwa umeondoka rangi.

"Bi Mkubwa," alisema, "kamani imelala. Haina nguvu hata chembe. Sina cha kukata."

Na saa ilikuwa inapiga. Tuliisikia sote wanne. Yule kijana alianza kusoma Ayatul Kursi kwa sauti ya chini, akakosea, akaanza tena.

Bibi alinyoosha mkono. "Nipe. Na mtoke."

Tulitoka, tukarudisha mlango. Tulisimama ukumbini kati ya maboksi ya vyombo na mashuka. Kwanza hatukusikia kitu. Kisha tukamsikia bibi anasema, maneno hayashikiki, sauti ya mtu anayeeleza. Ikapanda, ikawa ya ugomvi, ugomvi wa mke na mume, mtu anamkumbusha mwenzake jambo la zamani na anangojea ajibiwe. Alikuwa akinyamaza kwa kipimo cha jibu, kisha akaendelea. Mara moja alicheka. Nakisikia kicheko kile mpaka leo, kwa sababu hakikuwa cha mwanamke wa miaka themanini.

Jua lilikuwa bado linawaka nje alipoita, "Njooni."

Saa ilikuwa kifuani pake, mikono juu yake. Ilikuwa kimya. Chumba kizima kilikuwa kimya, mpaka nikasikia jogoo wa jirani akiparura chini ya dirisha.

"Kaniacha," alisema bibi. Kijana hakufahamu, akamwuliza nani kamwacha nani. Bibi akasema taratibu, "Mume wangu. Kanitolea talaka yangu. Alikuwa hajajua kama nliolewa, hakuna aliyemwambia." Akamgeukia Bi Fundi. "Kaniacha kwa uzuri."

"Alhamdulillahi," akasema Bi Fundi, na hiyo ndiyo mara pekee niliyomwona akilia.

Aliichukua saa kwa siku mbili. Akaitia ufunguo mpaka mwisho, akaiweka mezani kati ya nyingine. Ikaenda siku moja na robo, ikasimama, kama saa yoyote isiyotiwa ufunguo. "Sasa ni saa," alisema, akaifungua kwa mara ya mwisho, na chini ya neno la baba yake akakwaruza alama yake mwenyewe, bila ya neno. Kijana alioa bila ya kuvaa saa. Bibi aliishi mpaka akapakata kitukuu, na saa ile, nilivyoambiwa, aliiweka kwenye kabati la vyombo, mlango wazi, watoto wakaichezea.

Ila Bi Fundi alibadilika. Kazi alifanya, lakini nusu siku. Akawa anaacha mieleka katikati. Akaanza kumsema baba yake kama marehemu wengine wanavyosemwa, alipenda, alisema, alikataa, na kila alipomsema hivyo alikaa kimya kidogo baadaye, kama mtu aliyekosea. Nilidhani ni huzuni. Kisha jicho la kazi likaingia mtoto wa jicho, na la pili likafuata, akakataa kupasuliwa, na mpwa wake anayelima mwani Kiwengwa akaja kumchukua. Vyombo aliwagawia mafundi wawili wa mjini. Nyumba ikapata mwenyewe mwingine, nami nikahama.

Nilimwona kwa mara ya mwisho mwaka jana, asubuhi ya likizo. Mpwa wake alikuwa ameshuka pwani kwa maji kupwa, na Bi Fundi amekaa peke yake ndani, juu ya mkeka, mgongo ukutani, mlango wazi. Nje kamba za mwani zilikuwa zimeanikwa, na nyuma yake ukuta mrefu wa hoteli. Alikuwa amekonda, na macho yake yamekuwa ya rangi ya maziwa.

"Shikamoo, Bi Fundi."

"Marahaba, mwalimu. Kaa."

Nikakaa. Tulizungumza habari za mjini, nani kauza nyumba, nani kafariki. Nilimwuliza kama anaikumbuka saa ya Mbweni. Alitikisa kichwa kwa kukubali, muda mrefu.

"Unajua nlilia nini siku ile?"

"Nlidhani woga."

"Wivu," alisema. "Yule bibi kafanya jema gani, na mtu akamngojea vile, mpaka ruhusa akampa mwenyewe? Mie sikuolewa. Nlikuwa na baba tu. Na baba hakupata kuja, mwalimu. Hata mara moja. Nlimwekea mahali pake miaka yote, nkamsema kama yupo, hakuja. Siku ile nkajua kwamba nlikuwa nasema peke yangu."

Nikamshika mkono. Ngozi yake ilikuwa laini vilevile.

Tulikaa hivyo. Upepo wa pwani ulikuwa umeacha, na harufu ya mwani imejaa chumba. Ghafla alinyanyua kichwa, akakielekeza mlangoni, na uso wake ukafunguka namna ambayo sikuwahi kuiona kwa miaka kumi na mmoja. Nikatazama alipokuwa akitazama. Palikuwa na mchanga, na kamba za mwani, na jua jeupe, hapana mtu.

"Shikamoo," alisema Bi Fundi, kwa sauti ya mtoto mwenye adabu.

Akangojea. Akatabasamu. Kisha akauvuta mguu wake, akajisogeza taratibu kuelekea konani, akapanguza kwa kiganja nafasi aliyoiacha kati yetu. Mkeka ulikuwa mdogo, haukututosha watatu. Nami nikasogea.